Ukurasa Uliosahaulika Bado Unasomwa

Mhariri aliniomba niandike juu ya lile somo la kompyuta la Jumamosi, ambalo watoto wenu wakitoka nyumbani wanasema "tunakwenda kutengeneza blogu". Wazazi wengine wamenisimamisha njiani wakaniuliza: mwalimu, hiyo blogu inaleta nini nyumbani? Ni swali zuri. Nitalijibu, lakini kwanza niwaambie kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu somo lote limetoka hapo.

Mwaka 2016 nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari hapa kambini. Kulikuwa na chumba cha kompyuta, mashine kumi na mbili, zinazofanya kazi saba. Siku ya mawingu betri za sola zilikuwa zinaisha saa nane mchana na tunarudi nyumbani. Pale tulifundishwa kufungua ukurasa wa bure kwenye intaneti, kila mtu na wake. Kwa mzazi ambaye hajaona: tovuti ni kama nyumba yako ndani ya intaneti. Iko na anwani yake, na mtu yeyote mwenye simu, awe Mbarara au Kanada, anaweza kupiga hodi. Blogu ni tovuti ya aina ya daftari. Unaandika leo, unaandika tena mwezi ujao, na andiko jipya linakaa juu ya lile la zamani. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Mimi niliandika maandiko kumi na moja. Mengi ni ya kitoto, mpira wa shule, mtihani, mvua iliyobeba mabati ya jirani. Lakini moja lilikuwa la maana. Niliandika juu ya babu yangu mzaa mama, mvuvi wa ndagala pale Kazimia, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Fizi. Niliandika jina lake lote, na jina alilouita mtumbwi wake, na namna walivyowasha karabai usiku ili samaki waje kwenye mwanga, na namna tate alivyoanika ndagala asubuhi. (Tate ni bibi, kwa sisi wa kule.) Mimi mwenyewe sikuyaona hayo, nilikuwa sijazaliwa. Tate ndiye alinisimulia, akichambua maharage, na mimi naandika kwenye daftari la Jiografia. Chini kabisa ya ukurasa niliweka namba yangu ya simu, kwa kujidai tu, kama vile watu wataanza kunipigia.

Machi 2018 niliandika andiko la mwisho. Sikuaga, niliacha tu. Baadaye kila aliyeniuliza nilimpa sababu. Nilisema mtihani. Nilisema bei ya data. Julai 2018 ilipoanza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp na Facebook, nilisema ni kodi. Nikiwa mkweli, ile kodi haikuhusu blogu hata kidogo, na iliondolewa mwaka 2021 ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data, na mimi bado sikuwa nimeandika. Nilichoka. Kisha niliona aibu kurudi, kama mtu aliyekosa ibada miezi mingi anaogopa kuingia kwa mlango wa mbele. Mwaka 2019 simu yangu ikaibiwa, laini ikaenda nayo, nikanunua nyingine. Namba kwenye ukurasa sikubadilisha. Hata sikukumbuka kwamba iko pale.

Februari 2024 simu ya mama ililia jioni. Namba ya nje. Msichana akasema kwa Kiswahili cha kwetu kabisa: "Shikamoo mama, mimi ni mjukuu wa mdogo wake tate yenu. Tuko Maratane, Msumbiji."

Mama alikaa chini. Mdogo wake tate tulimpoteza mwaka 1996. Siku ile ya kukimbia watu walijaza mitumbwi bila kuchagua. Tate na watoto walivushwa hadi Kigoma, na yeye alikwenda na wengine kusini. Alipita Kalemie, akaingia Zambia, na miaka ikapita akafika Msumbiji. Sisi tulikuja huku Uganda mwaka 2012. Kila mmoja alimhesabu mwenzake kati ya wafu.

Yule dada aliunganishwa na sisi na mtu wa kikundi cha WhatsApp cha watu wa Fizi. Lakini akasema neno ambalo mpaka leo liko kichwani kwangu. Akasema: "Kwani sisi tuliwapata zamani. Mwaka 2021 niliandika jina la babu kwenye simu, ukurasa ukatokea, na mtumbwi, na kila kitu. Nikampigia aliyeandika. Akapokea mwanamume anaongea Kinyankole, akasema hatujui hao." Namba isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, ndivyo kampuni za simu zinavyofanya. Alipiga mara tatu. Mara ya tatu yule bwana akamwomba kwa upole asimsumbue.

Nikahesabu vidole. Alipiga mwaka 2021. Tate alifariki Septemba 2022.

Basi mzazi anayeuliza blogu inaleta nini nyumbani, mimi nina jibu hilo. Ukurasa wangu ulikaa miaka mitatu bila mtu kuugusa, na bado ulifika Msumbiji ukamkuta ndugu yetu. Kilichokosekana ni namba kumi za simu. Na nisieleweke vibaya, kutafuta ndugu waliopotea ni kazi ya Msalaba Mwekundu, wana njia zao na hawalipishi, nendeni mkaandikishe majina. Ukurasa haushindani na kazi hiyo. Ila ukurasa unaongea usiku na mchana kwa jina lako, hata kama wewe umeusahau, kwa hiyo ni lazima ujue unasema nini.

Nilipowatafuta wenzangu wa mwaka 2016, tuliofungua kurasa pamoja, niligundua siko peke yangu. Wote kumi na mbili tulikuwa tumeacha. Ukurasa wa mmoja unasema bado anasoma Senior 3, na yeye ana watoto wawili. Wa mwingine unatangaza duka la kuchaji simu ambalo lilifungwa siku nyingi. Ndipo tukaanza Jumamosi zetu. Kwanza tulikuwa sita, sasa vijana wa sekondari nao wanakuja.

Tusijione wajinga sana. Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa tovuti duniani ulipatwa na hayo. Uliwekwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1991 pale CERN, kituo cha utafiti wa sayansi karibu na Geneva, Uswisi. Ulikuwa wa maneno matupu, hauna picha, unaeleza tu hiyo kazi mpya ni nini. Baadaye haukutunzwa. Mwaka 2013 wenyewe CERN walikaa wakaurudisha kwenye anwani yake ya zamani, na nakala waliyoirudisha ilikuwa ya mwaka 1992. Ile ya siku za kwanza kabisa haikupatikana. Hao ni wanasayansi wakubwa! Tuliufungua darasani kwenye simu ndogo ya mwanafunzi, ukafunguka mara moja. Maneno meusi juu ya karatasi nyeupe. Niliwaambia vijana waangalie vizuri, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Kinachofuata ni kurasa zetu. Ndugu zangu, tulikuwa na mambo. Wangu ulikuwa na karatasi nyeusi na herufi za njano. Wa dada mmoja uliimba wenyewe ukifunguliwa, na hauzimiki. Kulikuwa na saa inayozunguka, kulikuwa na hesabu ya wageni iliyosimama kwenye 43, na kijana mmoja alikuwa na theluji inayoanguka kutoka juu mpaka chini, hapa Isingiro! Mwaka ule tuliona ni uzuri. Ukiwa na kompyuta kubwa na umeme wa bure labda ni uzuri. Lakini anayetusoma ni nani? Ni mama Maratane mwenye simu ya skrini iliyopasuka, amenunua MB chache, amesimama juani.

Kwa hiyo kipimo chetu tumekitoa hapo. Tunachukua simu ya bei ya chini kuliko zote darasani, tunatoka nje saa sita mchana, tunafungua ukurasa. Kama huwezi kusoma mstari wa kwanza bila kuweka mkono juu ya kioo, ukurasa unarudi kutengenezwa. Herufi za njano zilianguka siku ile ile. Herufi ndogo pia zilianguka. Zile kurasa zilizogawanywa sehemu tatu, kushoto linki, katikati maneno, kulia matangazo, kwenye simu zinakuwa nyembamba kama utepe. Tukaacha sehemu moja tu, maneno yanashuka chini moja kwa moja kama barua.

Jambo la picha lilituchukua Jumamosi mbili nzima, na niko radhi kulieleza polepole kwa sababu ni pesa za watu. Picha moja ikitoka kwenye simu ya kisasa inaweza kuwa na uzito wa MB 3 au 4. Kijana wetu aliyejifunza kuandika HTML kwa mkono alikuwa ameweka picha tisa za sherehe ya shule, kama zilivyotoka kwenye simu. Piga hesabu: tisa mara tatu na nusu ni zaidi ya MB 31. Mtu anayefungua ukurasa huo anamaliza bando lake kwa ajili ya sherehe ambayo hakualikwa. Tulizipunguza mpaka upana wa nukta 1,000, kila moja ikabaki na KB 150 hivi, zote tisa hazifiki hata MB moja na nusu. Kwenye simu hakuna aliyeona tofauti. Kisha akachagua tatu tu, kwa sababu sita zilikuwa zinarudia watu wale wale. Na maneno? Maneno ni mepesi ajabu. Makala hii unayoisoma, herufi zake tu, haifiki KB 20. Ukiwa na hadithi ya kweli huhitaji theluji.

Kuna waliouliza kwa nini tusumbuke, si tuna Facebook na WhatsApp. Tunazo, na zinafaa. Yule mtu wa kikundi cha Fizi tumempata kwa WhatsApp, siwezi kukana. Lakini ujumbe wa WhatsApp unaisha kwenye simu ya aliyeupata, na mwaka kesho hakuna anayeweza kuutafuta kwa jina la kijiji. Na Januari 2021, siku za uchaguzi, Facebook ilipofungwa hapa Uganda, tuliona wenyewe, wenye kila kitu chao pale walibaki wameshika simu tu. Yule dada wa Maratane aliandika jina la babu mahali pa kutafutia, akaletewa ukurasa wangu. Kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa ulio wazi kinaweza kupatikana na mtu ambaye hana namba yako na hajui kama uko hai. Ndiyo tofauti.

Ila hata nyumba ya kwenye intaneti inaweza kubomolewa na mwenye kiwanja. Vijana wanapenda sana hadithi ya GeoCities, nami napenda kuisimulia, kwa sababu inafanana na sisi. Ilianza Marekani mwaka 1994. Watu walipewa kurasa za bure, na kurasa zilipangwa kwa mitaa. Wapenzi wa sinema walikuwa mtaa wa Hollywood, wa mambo ya anga na sayansi walikuwa mtaa mwingine, na kila mtu alichagua namba ya kiwanja chake kama sisi tulivyopimiwa viwanja hapa. Mamilioni ya kurasa zilijengwa, nyingi mbaya kama zetu, zenye nyota na nyimbo. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua. Mwaka 2009 ikatangaza kwamba inafunga, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikafunga. Wengi walikuwa wameshasahau kurasa zao na hawakurudi kuchukua vitu. Watu wa kujitolea wanaojiita Archive Team walikimbia wakanakili kiasi walichoweza kabla ya siku ile, na mwaka 2010 wakaigawa nakala hiyo bure kwa yeyote anayeitaka. Kilichobaki leo kimebaki kwa sababu yao na wengine kama wao, sio kwa sababu ya wenye nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi yoyote, tulichukua nakala. Hili sikubali mjadala darasani. Blogu nyingi za bure zina sehemu kwenye mipangilio ya kupakua maandiko yako yote kuwa faili moja. Unaiweka kwenye flashi, na nakala nyingine unampa mtu unayemwamini aliye mahali pengine, kwa maana nyumba ikiungua flashi nayo inaungua. Wazee wetu wanajua zaidi yangu nini hutokea kwa karatasi zote zilizokuwa katika sanduku moja.

Kuingia ndani ndiko kulikowashinda wengine. Neno la siri limesahauliwa, na ukiomba jipya, linatumwa kwenye namba ya simu ya mwaka 2016, ambayo sasa iko mfukoni kwa mtu wa Ntungamo. Watatu kati yetu walikwama hapo. Mmoja alikuwa bado na laini ya zamani ndani ya kopo la sukari, tukaichomeka, ikafanya kazi, tukapiga makofi. Wa pili alikumbuka baada ya wiki mbili kwamba neno lake lilikuwa jina la mbuzi. Wa tatu hakufanikiwa. Yeye tulimsaidia kwa njia nyingine: kuna maktaba ya intaneti huko San Francisco, Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ambayo hupita ikinakili kurasa za dunia. Tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuweka anwani kwenye kile wanachokiita Wayback Machine akaona ukurasa ulivyokuwa mwaka fulani. Ukurasa wake ulinakiliwa mara mbili. Alikaa akaandika upya kwa mkono maandiko yake yote manane, akafungua blogu nyingine, na kwenye andiko la kwanza akaeleza kwamba ile ya zamani ni yake lakini hana tena ufunguo. Na mnapoingia, msitoke halafu mkalala tena. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi ambazo zimekaa miaka 2 bila kutumiwa. Wenye barua pepe ya huko mfungue hata kama hamna cha kuandika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi mna haki ya kuwa wakali. Sisi hatuko hapa kwa matembezi. Kuna familia zilizomkimbia mtu mwenye jina, na mtu huyo naye anajua kutumia simu. Kabla kijana hajaweka jina la ukoo, jina la kijiji cha kule na picha ya familia, aulize nyumbani. Kama mama anasema hapana, ni hapana, mimi siulizi sababu. Hatuweki picha za uso wa watoto. Hatuweki namba ya nyumba wala kijiji tunachokaa hapa kambini. Na jamani, karatasi! Kwenye kurasa mbili tulikuta picha ya hati ya familia, namba ya kesi inaonekana wazi, mwenyewe aliiweka kwa furaha siku aliyoitwa kwa mahojiano. Mwizi wa majina anahitaji nini zaidi? Tulizifuta siku ile ile, na hizo ndizo peke yake tulizofuta bila kujuta.

Kwa sababu kufuta kuna ubishi. Vijana wengi wakirudi kwenye ukurasa wa zamani wanaona aibu, wanataka kusafisha yote waanze upya. Makosa ya Kiswahili, majigambo, mapenzi ya Senior 2. Mimi pia nilitaka. Niliweka kidole kabisa kwenye lile andiko la babu, kwa sababu limeandikwa vibaya, sentensi moja ina mistari kumi na miwili. Halafu nikafikiri kwamba hiyo ndiyo sentensi yule dada aliisoma Msumbiji. Sasa tumekubaliana darasani hivi: lililo hatari linatoka, lililo la aibu linabaki, na juu yake tunaandika mwaka lilipoandikwa. Msomaji akiona 2016 atajua ni mtoto aliyeandika. Ukurasa usio na tarehe ndio unaodanganya, kama ule wa duka la kuchaji simu.

Ule ukurasa wa kujieleza, "mimi ni nani", tumeufupisha mpaka mistari mitano. Jina unalotaka kujulikana nalo, lugha unazoongea, unatoka upande gani kama ni salama, unafanya nini, na njia ya kukupata. Njia mbili, sio moja, kwa sababu mmeshaona ya kwangu. Wengi wetu tumeweka barua pepe pamoja na namba ya mzee mmoja wa kanisa au ndugu asiyebadilisha laini, kwa ruhusa yake. Siku ya kwanza ya Januari na siku ya kwanza ya Julai kila mtu anafungua ukurasa wake kuangalia kama namba bado ni ya kweli. Nimeandika ubaoni, na hatulifuti neno hilo.

Na kuandika tena? Hapo ndipo wengi huanguka mara ya pili. Mtu anarudi kwa moto, anaahidi kuandika kila siku, wiki ya tatu kimya. Sisi tumeahidi kidogo: andiko moja kwa mwezi. Linaandikwa kwanza kwenye daftari, nyumbani, bila data, na Jumamosi ya mwisho tunalipiga kwenye mashine. Na usianze kwa kuomba msamaha kurasa mbili eti nilikuwa kimya kwa sababu hii na ile. Msomaji hakuja kwa ajili ya kimya chako. Sema salamu, sema uko, uandike ulilo nalo. Wengine wanadhani ni lazima Kiingereza ndipo dunia isome. Miaka ya mwanzo ya 2000 Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa kati ya watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, na wengi wakamfuata, hawakukosa wasomaji. Na kama unadhani mkimbizi hana la kuwaambia watu, Kakuma, Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao KANERE Desemba 2008 wakaliweka kwenye intaneti kwa njia hii hii ya blogu ya bure. Hawakungoja mtu awajengee nyumba ya gazeti.

Kuhusu ukurasa wangu: sasa ni mweupe, herufi nyeusi, picha moja. Babu mdogo wa Maratane ni mzee sana lakini masikio yake ni mazima. Mjukuu wake alimsomea andiko langu lote, na yeye akacheka, akasema mtoto huyu hajawahi kuvua. Kwanza, haukuwa mtumbwi mmoja. Ilikuwa miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, karabai mbele, na wavu unashuka katikati. Pili, tate hakuanika ndagala kwenye mchanga, mchanga unaingia kwenye samaki na mnunuzi anasikia menoni. Alianika juu ya kokoto. Tate hakuniambia kokoto, labda aliniambia na mimi nikaandika vibaya, siwezi tena kumuuliza. Sikufuta nililoandika. Nimeweka maneno ya babu chini yake, pamoja na tarehe, na kila Jumapili akipiga ananipa mengine. Jina la mtumbwi nililipata sawasawa. Hilo alilirudia mara mbili, polepole, akanyamaza.

Somo linaendelea kila Jumamosi saa tatu asubuhi katika chumba cha kompyuta, na wazazi mnakaribishwa kuja kukaa nyuma na kuangalia. Mwenye ukurasa wa zamani aje na neno la siri kama analikumbuka. Asiyelikumbuka atafute laini yake ya zamani kwanza, aangalie hata ndani ya kopo la sukari.